Urefu wa Sikio Langu: Jinsi Nilivyochagua Stendi za Spika Ndogo

Ukimwambia mkazi wa Dar es Salaam kwamba unatafuta stendi, atakuuliza unasafiri kwenda mkoa gani. Hata fundi wa kuchomelea niliyemwendea mtaa wa Gerezani aliniuliza mara mbili, na nilipomchorea kwenye karatasi uso wake ukachangamka: "Aa, bosi, kumbe za kuwekea maua!" Sikumlaumu. Katika nyumba nyingi nilizowahi kuingia, spika ndogo hukaa juu ya kabati la televisheni, juu ya friji, au hutundikwa kwenye pembe ya dari kama kamera za ulinzi, na sabufa ndiyo inayopewa nafasi ya heshima sakafuni. Kununua kitu kisichotoa sauti yoyote, ili juu yake ukalishe kitu kinachotoa sauti, ni jambo linalohitaji kuelezwa, na nimelazimika kulieleza nyumbani kwangu zaidi ya mara moja.

Spika zangu ni jozi ya kawaida kabisa. Kila moja ina kimo cha sentimita 31, upana wa 19 na kina cha 25, na uzito wake ni kilo 6. Wufa, ile inayotoa sauti nzito, ina upana wa sentimita 13, twita, inayotoa sauti nyembamba, imekaa juu yake, na tundu la kupumulia liko nyuma. Spika za namna hii huitwa spika za rafu ya vitabu, na jina hilo limepotosha watu wengi, nami nikiwamo. Mfano mashuhuri wa jamii hii ni LS3/5A, ambayo wahandisi wa BBC waliibuni katika miaka ya 1970 ikiwa na kimo cha takriban sentimita 30 na upana wa 19. Walikusudia itumike ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambako fundi mitambo alihitaji kusikiliza sauti za watangazaji katika nafasi finyu. Udogo wake, kwa maneno mengine, ulitokana na udogo wa gari. Watu walioipeleka nyumbani waligundua mapema kwamba inaimba vizuri zaidi ikiwekwa juu ya stendi, mbali kidogo na ukuta, kuliko ikibanwa katikati ya vitabu.

Kwa miaka miwili zangu zilikaa kwenye kabati la mbao lenye milango ya vioo. Kabati lenyewe lilikuwa limegeuka ala ya muziki. Besi ilipopigwa, vioo vilitetemeka, vikombe vya wageni vilijibu, na kulikuwa na noti moja ya gitaa la besi iliyokuwa ikivuma kuliko zote, kana kwamba mpigaji alikuwa ameipenda yeye mwenyewe. Nilidhani kasoro ni ya amplifaya. Nikabadilisha waya, nikaazima amplifaya ya jirani, na uvumi ukabaki palepale. Jioni moja nilinyanyua spika moja kwa mikono yangu miwili, nikaishika hewani huku muziki unaendelea, na ule uvumi ukakatika. Mikono yangu ilichoka baada ya dakika moja, lakini swali la amplifaya lilikuwa limekwisha.

Kosa ambalo ningelifanya siku ileile ni kwenda dukani. Stendi nyingi zinazouzwa tayari zina kimo cha sentimita 60 hivi, na muuzaji mmoja aliniambia kwa uhakika mkubwa kwamba hicho ndicho kimo sahihi. Ni kimo sahihi kwa mtu ambaye kiti chake na spika zake vinaruhusu. Kipimo ambacho muuzaji hawezi kukijua ni cha sikio lako likiwa limekaa mahali linapokaa kila siku, na hicho hupatikana kwa futi kamba na msaidizi mmoja. Nilikaa kwenye sofa jinsi ninavyokaa baada ya kazi, yaani nimezama, siyo nimenyooka kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti, na mke wangu akapima kutoka sakafuni hadi kwenye tundu la sikio: sentimita 92. Katikati ya twita yangu iko sentimita 24 kutoka chini ya boksi. Toa 24 kwenye 92, unabaki na 68. Hicho ndicho kimo cha stendi zangu, kuanzia sakafuni hadi juu ya bamba la kukalia spika, pamoja na raba za chini.

Kwa nini nashikilia kimo kuliko nyenzo, rangi au bei? Kwa sababu katika spika yenye wufa na twita zilizopangwa moja juu ya nyingine, kuna masafa, yaani viwango vya unene na wembamba wa sauti, ambayo zote mbili huyatoa kwa pamoja zikipokezana, na kwa spika za ukubwa huu mapokezano hayo mara nyingi huangukia kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 3,500. Katika masafa hayo wimbi moja la sauti lina urefu wa kama sentimita 10 hadi 17 tu. Sikio likiwa mbele ya twita, sauti mbili hufika pamoja jinsi mbunifu alivyokusudia. Likipanda au kushuka sana, sauti ya mmoja husafiri safari ndefu kuliko ya mwenzake, na tofauti ya sentimita 3 au 4 inatosha kuzifanya zianze kuvurugana. Ukisogea kushoto au kulia hakuna mvurugano wa aina hii, kwa kuwa umbali wako kutoka kwa wufa na twita unaongezeka kwa pamoja. Anayetaka kuthibitisha aweke taarifa ya habari, asikilize sauti ya msomaji akiwa ameketi, kisha ainuke polepole bila kugeuza kichwa. Kuna mahali sauti ya msomaji itanyauka, kana kwamba ameziba mdomo kwa leso, na ni sehemu ileile ya sauti inayobeba herufi kama sh na ch, ambazo Kiswahili kinazitumia kwa wingi.

Kabla ya kutoa fedha nilifanya jaribio la kreti. Kreti mbili tupu za soda, moja juu ya nyingine, na juu yake vitabu vichache hadi kifikie kimo ninachotaka, hutengeneza stendi ya muda ambayo ni nyepesi kuhamisha na haimgharimu chochote mtu ambaye mwenye duka la jirani anamwamini. Hazifai kwa hukumu ya ubora wa sauti, kwani plastiki yake hulia, lakini kwa kimo na kwa nafasi zinatosha kabisa. Rafiki yangu alitumia matofali ya saruji ya inchi 6, manne yaliyolazwa, ambayo yanafika sentimita 60 hivi. Yalikuwa imara kama msingi wa nyumba, na kwa sababu hiyohiyo hakuyasogeza hata mara moja, na jaribio lake likaishia mahali lilipoanzia.

Kusogeza ndiyo kazi yenyewe, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi ya nilivyotarajia. Siku ya kwanza kreti ziliposimama mita moja kutoka ukutani, nilivunjika moyo. Uvumi ulikuwa umekwisha, ndiyo, lakini besi nayo ilikuwa imepungua hata ngoma za dansi zikasikika kama zinapigwa kwa vidole. Sababu ni kwamba ukuta ulio karibu na spika huisaidia kwenye sauti nzito, na pembe ya chumba huisaidia zaidi. Nikiwa nimezoea msaada ule pamoja na kelele za kabati, niliuona ukweli kuwa ni upungufu. Nilianza kurudisha kreti nyuma kwa viganja viwili viwili, nikisikiliza jioni moja kwa kila hatua. Mahali pa kutulia palipatikana pale mgongo wa boksi ulipokuwa sentimita 35 kutoka ukutani, spika zikiwa zimeachana mita 1.9 na mimi nikiwa mita 2.4 kutoka kwa kila moja.

Si kwamba mahali hapo hapana kasoro. Uso wa spika uko sentimita 60 kutoka ukutani, kwa hiyo sauti nzito inayozunguka nyuma na kurudi husafiri mita 1.2 zaidi ya ile inayokuja moja kwa moja, na kwa mwendo wa sauti wa takriban mita 350 kwa sekunde katika joto letu la nyuzi 30, mawimbi yenye hezi 145 hivi hukutana yakiwa kinyume na kupunguzana. Ukisogeza spika, shimo hilo, yaani mahali sauti inapopungua, linahama; halifutiki. Sakafu nayo ina shimo lake, ambalo kwa vipimo vya sebule yangu linaangukia karibu na hezi 310, na zulia haliwezi kulizuia kwa kuwa zulia hunyonya sauti nyembamba tu. Nayaeleza haya ili anayenunua stendi asitarajie miujiza: stendi inakupa uhuru wa kuchagua kasoro zako ziangukie wapi, jambo ambalo kabati halikupi.

Baada ya wiki tatu za kreti, ambazo mke wangu alizivumilia kwa sharti kwamba kitakachofuata kisifanane na nguzo za daraja, nilikuwa na karatasi yenye vipimo vyote. Ndipo swali la nyenzo lilipokuja, na nilianza na mbao. Maseremala wa Keko hapa jijini wanaweza kukutengenezea chochote, na stendi ya mninga iliyopakwa vanishi ni kitu cha kupendeza. Niliiacha kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uzito: stendi ya mbao yenye umbo jembamba ni nyepesi chini, wakati spika iliyo juu yake ina kilo 6, na nyumbani kwangu kuna mtoto wa miaka minne anayeamini kwamba kila nguzo iliwekwa ili aizunguke. Ya pili ni bei, kwa kuwa mninga mkavu wa kweli umekuwa ghali, na mbao mbichi hupinda unyevu wa Pwani unapobadilika. Anayeishi peke yake na kupenda mbao asinifuate katika hili. Sauti yake haitaharibika.

Nikarudi Gerezani. Tulikubaliana bamba la chini la chuma lenye upana wa sentimita 30, urefu wa 35 na unene wa milimita 6. Nguzo moja ya bomba la mraba la sentimita 8 kwa 8, lenye unene wa milimita 2 na urefu wa sentimita 66. Na bamba la juu la sentimita 17 kwa 22, lenye unene wa milimita 4. Nilisisitiza bamba la juu liwe dogo kidogo kuliko spika. Fundi alitaka liwe kubwa, "ili lisije likaanguka, kaka," lakini bamba linalotokeza mbele ya boksi linarudisha sauti kama lilivyofanya kabati, na pia ni kona ya chuma inayoweza kumjeruhi mtoto. Stendi za nguzo nne nyembamba zinavutia macho, ila ni shida kuzijaza mchanga, na nilikuwa nimeshaamua kujaza.

Bomba tupu la chuma lina tabia ya kengele. Fundi alipomaliza kuchomelea na kusaga maungio kwa grenda, niliigonga nguzo kwa kifundo cha kidole, ikalia ngwee hata mtu wa banda la pili akageuka. Mchanga unaliua hilo, kwa sababu chembe zake husuguana na kuumeza mtetemo. Bomba langu lina nafasi ya lita 3.8 hivi, na mchanga mkavu una uzito wa kama kilo 1.6 kwa lita, kwa hiyo nikijaza robo tatu napata takriban kilo 4 na nusu, zote zikiwa zimekaa chini ambako uzito unatakiwa. Niligonga tena, ikajibu ndu, ikanyamaza.

Hapa natoa onyo kwa wenzangu wa Pwani, kwani mchanga uko karibu kuliko kitu kingine chochote na kishawishi ni kikubwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi ndani ya bomba la chuma lililozibwa ni kutu inayosubiri wakati. Nilitumia mchanga wa mtoni, ule wa kujengea, nikauchekecha kwa wavu wa dirisha kuondoa kokoto na majani, kisha nikautandaza juu ya bati juani kwa siku mbili, nikiugeuza mchana na kuufunika usiku kwa sababu ya umande. Kabla ya kujaza, ndani ya bomba nilimimina rangi ya kuzuia kutu, nikalizungusha, nikaimwaga iliyobaki. Tundu la kujazia liko kwenye bamba la juu na limezibwa kwa bolti fupi ambayo kichwa chake kimezama, ili spika isikae juu ya nundu.

Stendi moja iliyokamilika ina kilo 14 hivi, na kwa kuibeba ghorofani nilimwomba kijana wa jirani. Hata hivyo, uzito peke yake haumzuii mtu kuiangusha. Kinachozuia zaidi ni upana wa bamba la chini: ukilitoa sentimita 30 ukalipeleka 40, nguvu inayohitajika kuiangusha kwa kuisukuma juu inaongezeka kwa theluthi nzima, bila kuongeza mchanga hata kijiko. Kama ningeanza upya, na mtoto akiwa bado ana miaka minne, ningechagua 40 na kuwaachia wageni wajikwae. Kwa sasa nimejilinda kwa kulaza waya nyuma ya nguzo na kuufunga sehemu tatu, kwa sababu waya unaoning'inia kutoka kimo cha sentimita 80 ni kamba ya kuvutia kengele machoni pa mtoto.

Kuhusu misumari ya chini, ile yenye ncha kali ambayo stendi za dukani huja nayo, nitasema kwa ufupi. Ilikusudiwa kupenya zulia nene na kufikia sakafu ngumu iliyo chini yake, ili stendi isiyumbe. Sebule yangu ina vigae juu ya zege. Hakuna cha kupenya. Kuna cha kuchubua. Nimesoma mabishano marefu ya watu wanaodai kusikia tofauti kati ya msumari wa shaba na wa chuma, nami nimejaribu misumari ya kuazima iliyokalishwa juu ya sarafu, nikibadilishana na raba huku mke wangu akiendesha muziki bila kuniambia, na sikuweza kutambua ipi ni ipi. Huenda masikio yangu ni ya kawaida. Raba nne za unene wa sentimita moja zina faida ambayo hakuna aliyeitaja katika mabishano yale: sakafu zetu hupigwa deki kila asubuhi, na bamba la chuma linalokaa moja kwa moja juu ya kigae chenye maji litaacha mstari wa kutu kabla ya mwaka kwisha. Raba inaliinua juu ya maji.

Sehemu ambayo niliiwekea umakini zaidi ni pale spika inapokutana na bamba. Boksi la kilo 6 juu ya chuma laini huteleza, na kuna wakati hutoa kelele ndogo sana likicheza kwenye pembe moja. Vidonge vinne vya ile gundi laini ya kubandikia mabango ukutani, kila kimoja cha ukubwa wa punje ya hindi, vilitosha. Hukandamizwa hadi viwe bapa, hushika kama bigijii chini ya dawati la shule, na ukitaka kuitoa spika unaizungusha taratibu badala ya kuivuta juu, ambapo ungeweza kung'oa na gamba la mbao. Nilitumia pimamaji kuhakikisha zote mbili zimekaa sawa. Moja ilikuwa imeinama, kwa kuwa fundi aliyetandika vigae vya nyumba hii alikuwa na haraka zake, nikaongeza kipande cha raba chini ya kona.

Wale ambao tayari wana stendi fupi wasizitupe. Stendi ikipungua sentimita 8, na wewe umekaa mita 2.4, unachohitaji ni kuinamisha spika nyuma kidogo ili twita ielekee sikioni. Kwa boksi lenye kina cha sentimita 25, kuinua upande wa mbele kwa milimita 8 tu kunatosha, kipimo ambacho vipande viwili vya raba ya ndala vinakifikia. Hilo ndilo ninalolifanya Jumapili jioni, wageni wanapojaa kwenye sofa na sisi wenyeji tukashuka mkekani, ila kwa upande wa pili: raba huenda nyuma, spika zikainama mbele kututazama.

Rekodi ninayoitumia kuhukumu yote haya ni ya dansi ya zamani, ya mono, yaani spika zote mbili hupewa sauti ileile, yenye mikwaruzo. Rekodi ya mono ikipigwa kwa spika mbili zilizokaa sawa, mwimbaji anapaswa kusimama katikati kabisa, mahali pasipo na spika. Kwenye kabati alikuwa ametapakaa ukuta mzima. Kwenye kreti alijikusanya akawa na upana wa mlango. Sasa amesimama juu kidogo ya televisheni, palepale kila usiku, isipokuwa siku ambazo anayepiga deki amezisogeza stendi na kusahau kuzirudisha. Kwa ajili hiyo nimebandika vipande vinne vya utepe mweusi kwenye vigae, viwili kwa kila stendi, na mtoto ameshatangaza kwamba ni mistari ya uwanja wake wa mpira.